Fedha kwa Mama, Kliniki kwa Mtoto



Kila mama anajua kuwa mtoto mdogo hupelekwa kliniki kupimwa uzito na kuchanjwa. Lakini mtazame mama huyu. Zahanati iko mbali. Leo amepata kibarua cha kupalilia shamba la mtu. Akienda kliniki hapati ujira, na jioni hakuna unga. Mama huyu si mjinga, wala si mvivu. Amebanwa na umaskini.

Meksiko, nchi iliyo mbali sana huko Amerika, ilikuwa na akina mama kama huyu. Mwaka 1997 serikali ya huko ilianza mpango ulioitwa Progresa. Familia maskini za vijijini zilipewa fedha taslimu. Aliyekabidhiwa ni mama. Naye alipewa masharti: watoto wakubwa waende shule, na wadogo wapelekwe kliniki.

Jambo moja walilifanya kwa akili. Walichukua vijiji 506 wavichunguze. Kwa njia ya kura, vijiji 320 vikaanza, na 186 vikangoja zaidi ya mwaka mmoja. Kisha wataalamu wakalinganisha. Watoto wa familia zilizopata fedha waliugua mara chache kuliko wenzao. Wale waliokuwa wadogo mpango ulipoanza waliwazidi wenzao kimo kwa karibu sentimita moja. Utasema sentimita moja ni kitu gani? Ni kama upana wa kidole kidogo. Lakini kwa mtoto wa umri huo, hicho ni chakula kilichoingia mwilini.

Matokeo hayo hayakufichwa. Yaliandikwa, na nchi nyingine zikayasoma. Brazili nayo ilikuwa na mpango wake. Ghana ilipoanza kuzilipa familia maskini mwaka 2008, wataalamu wa Brazili waliisaidia kwa ushauri. Tumezoea kusikia msaada wa mahindi na madawa. Huu ulikuwa msaada wa maarifa.

Hapa Tanzania, TASAF ilifanya majaribio kuanzia mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 40 vilianza, na vingine 40 vikawa vya kulinganisha. Wazo lilitoka nje, lakini kazi ilifanywa na wanakijiji. Kamati za kijiji zilisaidia kuzitambua familia maskini zaidi na kugawa malipo. Wazee wa miaka 60 na zaidi walitakiwa wapimwe afya mara moja kwa mwaka.

Matokeo? Watoto wadogo waliugua kidogo zaidi. Familia nyingi zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Tena watoto wengi zaidi walikuwa na viatu. Usicheke. Minyoo wa safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu mitupu, kisha hunyonya damu. Kiatu ni kinga. Kuanzia mwaka 2012 mpango huo ulipanuliwa nchini.

Lakini fedha humfikisha mama mlangoni tu. Ndani lazima awepo mhudumu, na chanjo ziwepo. Pasipo hayo, sharti la kliniki ni kumsumbua mama bure.

Maswali ya kujadiliana darasani:

Katika kijiji chenu, ni familia zipi hazifiki kliniki kwa sababu ya kukosa, si kwa sababu ya kutojua? Kamati ingezitambuaje bila upendeleo?