Tangelo Yako Inachanua Bila Kuzaa? Itafutie Jirani

Mti wako wa Minneola umechanua mpaka matawi yamekuwa meupe, kisha maua yote yakapukutika. Usikimbilie mbolea. Kwanza angalia jirani yake ni nani.

Minneola ni tangelo, mtoto wa balungi la Duncan na chenza la Dancy. Ilitolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1931, na tabia yake ni moja: hukataa chavua yake yenyewe. Hata ukiwa na miti hamsini hapa Mulot, Kenya, yote ilipandikizwa kutoka asili moja, kwa hiyo machoni pa ua ni mti mmoja tu. Wewe mkulima wa chai unalijua hili. Klona moja ekari nzima ni kichaka kimoja kilichokatwakatwa.

Basi usiongeze Minneola. Panda mchenza wa Dancy au klementina, katikati ya miti yako, si kule kwenye ua wa boma. Tangelo ya Orlando usiiguse: wazazi wake ni walewale, na itakataliwa vilevile. Mchungwa wa Washington Navel nao hauna chavua ya kukufaa.

Kisha nyuki. Weka mzinga karibu. Maua yakifunguka, sitisha dawa za wadudu kabisa mpaka yaanguke. Siku za baridi na manyunyu nyuki hawatoki, na zikifuatana nyingi utaona hasara yake kwenye mavuno.

Una shaka? Jaribu kwa mkono. Saa sita mchana, siku kavu, chuma ua la Dancy lenye unga wa manjano. Sugua unga huo kwenye kile kirungu chenye utomvu katikati ya ua la Minneola. Huna haja ya kuondoa chavua yake, maana itaikataa yenyewe. Funga uzi mwekundu kwenye tawi hilo, acha tawi la pili kama lilivyo. Baada ya wiki chache hesabu vitunda vya kila upande.

Lakini ujue bei yake: tunda lililochavushwa lina mbegu. Mteja wako akitaka lisilo na mbegu, geuza mpango. Klementina ikikaa peke yake huzaa bila mbegu, ila mlimau wa jirani unaweza kukuharibia, kwa kuwa nyuki hajui mpaka wa shamba. Njia salama zaidi ni chenza la Pixie, au ndimu ya Tahiti.

Tahiti ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Tatu hazigawanyiki sawa, hivyo mbegu hazikui, na chavua yake haifai. Kwa hiyo usiihesabu kama jirani wa Minneola.

Ukienda kitaluni, usikubali kuuziwa "chungwa la kisasa". Dai jina la aina, kisha uliandike kwenye kibao cha kila mti.