ELIMU YA AFYA: KUISHI NA MAUMIVU YA FAIBROMIALJIA

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usemi huu unawahusu wagonjwa wa faibromialjia, hali inayoleta maumivu sehemu nyingi za mwili kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi usioburudisha na usahaulifu. Kwa kuwa vipimo vya damu na picha za eksirei havionyeshi ugonjwa huu, mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huitwa mvivu au hudhaniwa amerogwa. Maumivu yake ni ya kweli: mfumo wa fahamu huzikuza hisia za kawaida hata zikawa maumivu.

Hakuna tiba ya kuyamaliza kabisa, lakini yanaweza kupunguzwa. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 unashauri kuanza na njia zisizo za dawa, na mazoezi ndiyo pekee yaliyopewa pendekezo lenye uzito mkubwa. Mwananchi anashauriwa yafuatayo:

1. Mazoezi: Anza kwa kutembea dakika 5 hadi 10 kwa siku, kisha ongeza kidogo kidogo kila wiki. Maumivu yakizidi, punguza mwendo, usiache kabisa.

2. Kugawa kazi: Siku ya nafuu isiwe siku ya kulima, kufua na kuchota maji kwa pamoja, kwani kesho yake huweza kukulaza kitandani. Fanya kazi kwa vipindi vifupi na upumzike kabla ya kuchoka.

3. Usingizi: Lala na kuamka kwa saa zilezile. Epuka chai ya rangi na kahawa jioni.

4. Utulivu: Kuoga maji ya uvuguvugu na kuvuta pumzi taratibu hulegeza misuli. Ushauri nasaha humsaidia mgonjwa kukabili hofu na huzuni.

Hata hivyo, usijitambulishe ugonjwa mwenyewe. Fika kwanza katika zahanati au kituo cha afya, hasa ukiona viungo vimevimba, homa, kupungua uzito au ganzi, kwa kuwa hizo huweza kuwa dalili za ugonjwa mwingine. Anayetumia dawa asiziache bila ushauri wa daktari.

Nasi wanafamilia tunao wajibu wetu. Kumwamini mgonjwa na kumpokea ndoo ya maji ni msaada usiohitaji fedha.