Jazi ya Zamani: Kabla ya Kununua Toleo Jipya, Uliza Limenakiliwa Wapi

Kati ya santuri alizorekodi King Oliver na bendi yake, Creole Jazz Band, mwaka 1923, ipo moja yenye “Zulus Ball” upande mmoja na “Workingman Blues” upande wa pili. Duniani kote inajulikana nakala yake moja tu. Kalibu za chuma zilizoichapa zilishapotea. Kwa hiyo popote utakapozikuta nyimbo hizo mbili, iwe kwenye CD, kwenye LP au kwenye simu yako, zimetoka kwenye sahani ile ile yenye mikwaruzo ile ile. Hata hivyo toleo moja litakufanya usikie kornet mbili zikijibizana, na jingine litakupa mvumo wa bati chini ya mvua. Wanamuziki ni wale wale. Kilichobadilika ni fundi aliyeihamisha sauti kutoka kwenye sahani, na kama alikuwa na sahani yenyewe mkononi au nakala ya nakala.

Ndiyo maana anayeanza kukusanya jazi ya kale hupata hasara akinunua kwa kutazama jina la msanii na uzuri wa jalada peke yake. Louis Armstrong wa miaka ya 1920 ametolewa upya mara nyingi mno, na sehemu kubwa ya matoleo hayo haifai hata kwa bei ya bure.

Kwanza tujue kilichomo kwenye santuri hizo. Oliver na wenzake, Armstrong kijana akiwamo, walirekodi mara ya kwanza tarehe 5 na 6 Aprili 1923 katika studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana. Studio ilikuwa ndani ya eneo la kiwanda cha piano cha Starr, pembeni ya reli, na treni ikipita kazi ilibidi isimame. Hakukuwa na maikrofoni. Wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyoitikisa sindano ikachonga mfereji kwenye nta. Ngoma kubwa ingeirusha sindano hiyo, kwa hiyo mpiga ngoma Baby Dodds aliambulia kugonga vibao vya mti. Kurekodi kwa umeme kuliingia mwaka 1925, Victor na Columbia wakitangulia, na kuanzia hapo besi na ngoma zikaanza kusikika vizuri zaidi.

Hili lina maana kwa mnunuzi. Toleo la Oliver wa 1923 linalojinadi kwa besi nzito limeongezewa kitu ambacho sahani haikuwa nacho. Liache dukani.

Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua kama dakika tatu. Mlio wa kukwaruza unaousikia umo ndani ya malighafi yenyewe, hata sahani ikiwa mpya. Paramount, kampuni ya Wisconsin iliyorekodi hazina kubwa ya jazi na blues, ilitumia shelaki duni kupita wenzake. Ilifunga shughuli mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kalibu zake nyingi ziliishia kuwa chuma chakavu. Ukisikia santuri ya Paramount ina kelele, usimlaumu fundi upesi. Ukisikia ya Victor ya 1926, tuseme Jelly Roll Morton na bendi yake, Red Hot Peppers, ina kelele za namna hiyo hiyo, hapo mlaumu, kwa sababu sahani nzuri za Victor zipo.

Fundi mzuri hufanya nini? Huanza na sindano. Mfereji wa santuri ya shelaki ni mpana mara kadhaa kuliko wa LP, na sindano ya LP ikitiwa humo hutambaa chini kabisa, kwenye vumbi na uchakavu. Fundi huwa na sindano za upana mbalimbali, na huzijaribu moja baada ya nyingine mpaka apate inayogusa sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo sindano za gramafoni za miaka hiyo hazikuila. Kisha huiweka sahani katikati sawasawa, maana tundu likiwa limetobolewa upande, sauti hupanda na kushuka kila mzunguko. Baada ya hapo ni kasi. Tunaziita santuri za mizunguko 78 kwa dakika, lakini nyingi zilirekodiwa chini au juu ya hapo, na ukiicheza sahani kwa kasi isiyo yake, wimbo mzima huhama ufunguo. Fundi asiyejua muziki hataligundua kosa hilo.

Wala usidhani kosa la kasi ni la enzi za pembe tu. *Kind of Blue* ya Miles Davis ilirekodiwa mwaka 1959 kwa mitambo bora ya Columbia, lakini nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa juu kidogo ya sauti yake ya kweli, kwa kuwa mashine ya kanda ilikwenda taratibu siku ya kurekodi. Watu waliipenda hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka toleo la 1992 lilipotumia kanda ya akiba iliyokuwa na kasi sahihi. Mpiga saksafoni aliyejifunza kwa kuifuatisha santuri ile bila shaka alihangaika kulinganisha ala yake.

Katika kazi ya kuhamisha shelaki, jina la kulikariri ni John R. T. Davies, Mwingereza aliyefariki mwaka 2004. Mwenyewe alikuwa mwanamuziki, alipiga na bendi ya Temperance Seven, na kabla ya kompyuta alikuwa akiondoa mlio wa ufa mmoja mmoja kwa kukwangua kanda kwa wembe. Ukiona jina lake nyuma ya jalada, nunua, hata kama jalada lenyewe ni la kusikitisha.

Kuondoa kelele ndiko kunakoharibu matoleo mengi. Kelele ya shelaki na mng’aro wa tarumbeta hukaa mahali pamoja, juu kwenye masafa ya sauti. Ukiifuta kelele yote, unafuta na pumzi ya mpigaji. Kinachobaki ni kimya safi chenye muziki uliozama majini. Ukiwa hujui uamini lipi, chukua “West End Blues” ya Armstrong, iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928, uisikilize kwa hedifoni katika matoleo mawili au matatu. Inaanza na tarumbeta peke yake, hakuna ala ya kuifichia fundi aibu. Sikiliza mwanzo wa kila noti: una makali, au umelainishwa kama sabuni? Sikiliza noti inapoisha: inafifia ndani ya chumba, au inakatwa ghafla pamoja na kelele yake? Karibu na mwisho Armstrong anashika noti moja ndefu sana. Ikiyumba, sahani haikuwekwa katikati. Halafu piano ya Earl Hines: ikisikika kama imefunikwa blanketi, rudisha kwenye rafu.

Mapambo mengine yakatae bila hata kusikiliza. Miaka ya 1960 kampuni zilichukua rekodi za mono zikazitengeneza kielektroniki zionekane za stirio, besi spika hii na sauti nyembamba spika ile, na mwangwi juu yake. Jalada lenyewe hutangaza hivyo kwa fahari. Bei ya chini ya santuri hizo isikudanganye.

Sasa geuza jalada. Toleo linalojiheshimu litakuambia tarehe na mji wa kurekodi, majina ya wapigaji wote, namba ya matriki, yaani namba ambayo kampuni iliuchongea upande huo wa sahani, na jaribio lipi limetumika. Wimbo mmoja ulipigwa mara mbili tatu studioni, na wakati mwingine majaribio mawili yote yalibaki. Hapo Armstrong wa jaribio la pili anaweza kusema jambo jingine kabisa kwa tarumbeta yake. George Avakian, alipokuwa bado mwanafunzi wa Yale, aliajiriwa na Columbia mwaka 1940 kutayarisha albamu za jazi ya zamani, na katika kuchimba ghala alikuta rekodi za Armstrong zilizokuwa hazijawahi kutolewa. Mfululizo wake ni miongoni mwa matoleo upya ya mwanzo kabisa ya jazi yaliyofanywa kwa nia ya kuhifadhi. Kama jalada halina lolote katika hayo, wala jina la aliyehamisha sauti, chukulia kwamba mchapishaji amenakili CD ya mwenzake.

Namba hizo unaweza kuzihakiki bila malipo. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za kihistoria za Marekani, na Brian Rust aliandika orodha kubwa ya santuri za jazi za 1897 hadi 1942 ambayo wakusanyaji bado wanaifungua kama msahafu. Kwa kujua matoleo mangapi yapo na yapi yanauzwa, tazama tovuti ya Discogs.

Kwa nini nakala za ovyo zimejaa? Sheria. Ulaya ilizilinda rekodi kwa miaka 50, ikaongeza kuwa 70 mwaka 2013 bila kuzirudisha zile zilizokwisha kuwa huru. Kwa hiyo jazi yote ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mtu yeyote huko anaweza kuichapa. Marekani ilichelewa: kwa sheria ya 2018, rekodi za kabla ya 1923 zikawa huru mwaka 2022, za 1923 zikafuata Januari 2024, na zinazofuata huachiwa mwaka hadi mwaka. Uhuru huo umetupa mema pia. Boksi la CD nne la JSP la Uingereza, lenye rekodi za Armstrong na bendi zake za Hot Five na Hot Seven kwa mkono wa Davies, limetokana na uhuru huo huo, na ndilo ninalompa mtu anayeanza. Kwa Oliver wa 1923, tafuta *Off the Record* ya Archeophone. Ina rekodi zote 37 za mwaka ule, na ndiyo niliyoipima nilipoandika juu ya kornet mbili zinazojibizana. Mfululizo wa Classics wa Ufaransa hupanga kila msanii mwaka kwa mwaka. Hauna majaribio ya ziada na sauti yake mara nzuri mara mbaya, lakini kuna wasanii wadogo ambao nje ya hapo hutawapata kwa utaratibu.

Mosaic ya Marekani ni habari nyingine. Huchapa maboksi kwa idadi maalumu, yakiisha yameisha, pamoja na kijitabu kipana cha maelezo. Yakishakwisha dukani bei hupaa. Humo, katika seti ya CD tatu za mpiga piano Randy Weston, imo *Uhuru Afrika* ya mwaka 1960, kazi ambayo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuitafuta: maneno ni ya Langston Hughes, mpangaji wa ala ni Melba Liston, na sauti inayoyasema kwa Kiswahili ni ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku. (Ukiandika neno “Jazz” tu kwenye mtandao utaletewa pia bendi za Morogoro Jazz na Western Jazz. Usizikatae, ila hilo ni kabati jingine.)

Je, ununue CD, santuri ya vinaili au faili? Kwa muziki wa kabla ya 1940 sioni sababu ya kulipia vinaili. CD inaibeba sauti yote ya shelaki na nafasi inabaki, na faili halina posta wala ushuru. Vinaili ina hoja kwa jazi ya miaka ya 1950 na 1960, iliyorekodiwa kwenye kanda. Hapo mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note, ulioanza 2019, hukatwa na Kevin Gray moja kwa moja kutoka kanda za mwanzo, na alama yake, KPG@CA, unaiona kwenye sehemu tupu karibu na lebo. Lakini usilipe ziada kwa neno “analogi” likiwa peke yake. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja mashuhuri ya California ilikuwa ikipitisha kanda kwenye dijitali kabla ya kukata santuri zake za bei kali, na wanunuzi wakaenda mahakamani. La kuchekesha, masikio yao yalikuwa hayajalalamika.

Ukiagiza kutoka nje, jumlisha posta na ushuru kabla ya kubonyeza, maana LP moja ni nzito na posta inaweza kuipita bei yake. Agiza kadhaa kwa pamoja, au mtume ndugu anayesafiri, na mwambie asiziache garini juani: vinaili hupinda, na ikipinda imepinda. Nyumbani santuri zisimamishe wima, mbali na dirisha. Kwa wa Tanga, Mombasa na Unguja, kuvu ndiyo adui mkubwa kuliko vumbi, basi usizifunge kwenye mifuko ya plastiki inayobana unyevu, na zifungue mara kwa mara zipate hewa. Santuri ya shelaki yenyewe, ukibahatika kuirithi, usiijaribu kwenye mashine ya LP mpaka uwe umebadilisha sindano.