Ala ya Ngozi na Bastola ya Fataki

Stanley alipopita nchi ya Uha mwaka 1871 akienda Ujiji, bunduki nyingi za misafara zilishindiliwa baruti na risasi kwa mbele. Bastola za kale nazo zilikuwa hivyo, na fataki ndogo ya shaba nyuma ya kila tundu la risasi. Fataki ikilowa, mwenyewe hana silaha. Ndiyo sababu ala ya mshipini ilishonewa kifuniko kipana.

Lakini ngozi ile ile iliyozuia mvua njiani huharibu chuma nyumbani. Ngozi iliyolainishwa kwa maji ya magome ina ukali, tena hunyonya unyevu, na masika ya Kasulu na Kibondo ni marefu. Basi mwenye kuhifadhi vitu hivi na atenge: chuma mbali, ngozi mbali. Ala ijazwe kitambaa kikavu, isianikwe juani. Wengine huipaka samli. Naona si vema, maana huvunda na kuita panya.