Kuabudu kwa Juma Zima: Mbinu Tano kwa Mkristo wa Masama

Mwanamke Msamaria alimtajia Yesu ubishi kuhusu mahali panapofaa kuabudu, mlimani kwao au Yerusalemu. Yesu alimwonyesha kwamba Mungu hatafuti mahali, anatafuta waabudu wa kweli (Yohana 4). Jibu hilo linatuhusu sana sisi tunaoishi mlimani Kilimanjaro. Tangu wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, ibada ya Jumapili imekita mizizi hapa, na makanisa yetu hujaa. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha tunachokiri kanisani kinaonekana kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kuanzia Jumatatu. Mbinu hizi zitakusaidia.

1. Jiandae Jumamosi jioni. Maliza mapema kukata majani ya ng'ombe na shughuli za jikoni. Tenga sadaka yako usiku huohuo, kisha someni pamoja nyumbani somo la kesho. Anayeanza kutafuta sadaka mfukoni kapu likiwa limeshamfikia hutoa chenji iliyobaki.

2. Patana kabla ya kutoa. Katika Mathayo 5, Yesu anamwagiza mwenye ugomvi na ndugu yake aiache sadaka madhabahuni, akapatane kwanza. Kwetu ugomvi mwingi ni wa mipaka na urithi wa kihamba. Wazee wetu walipanda mimea ya masale mpakani, na jani hilohilo la sale ndilo lililobebwa kwenda kuomba radhi. Basi nenda kwa ndugu yako ukiwa na mzee mmoja mnayemheshimu wote. Taja kosa lako bila kulizungushia maneno. Kama ulisogeza mpaka, urudishe. Radhi isiyorudisha ardhi haijakamilika.

3. Toa kilicho bora. Ibada ikiisha, mnada wa sadaka huanza nje ya kanisa: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maziwa. Chagua mkungu ambao ungependa ubaki nyumbani kwako. Ukinunua, lipa siku hiyohiyo. Na mjane aliyeleta mayai mawili aheshimiwe sawa na aliyeleta mbuzi.

4. Rudi na neno moja. Mahubiri ni marefu na kumbukumbu ni fupi. Chagua agizo moja tu, mezani mwulizane kila mtu atalitendaje wiki hii, watoto nao wasikilizwe. Jumamosi inayofuata ulizaneni mmefikia wapi.

5. Abudu kazini. Katika Warumi 12, Paulo anafundisha kwamba mwili wote ni sadaka kwa Mungu, na mwili hushinda shambani, sokoni na ofisini. Anza na mambo matatu. Zamu yako ya maji ya mfereji (mfongo) ikiisha, mfungulie mwenzako bila kungoja agombe. Aliyekuchumia kahawa mlipe jioni hiyohiyo, kwa debe lililojaa kwa haki. Yakobo 5 inasema kilio cha vibarua waliodhulumiwa humfikia Bwana. Na maziwa unayouza yasitiwe maji.

Bruno Gutmann, mmisionari aliyehudumu Masama kabla ya kuhamia Old Moshi, aliamini kwamba usharika lazima usimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Alikuwa sahihi katika hili: imani hupimwa na watu wanaotujua kila siku. Nabii Amosi alisema wazi kwamba Mungu huzikataa nyimbo za watu wanaopuuza haki. Kwaya zetu ni nzuri, tuimbe kwa nguvu zote. Lakini kabla ya Jumapili ijayo, andika jina la mtu mmoja unayepaswa kumwomba msamaha, au anayekudai ujira au mpaka, uende kwake. Usiahirishe mpaka Desemba, ukingoja ukoo wote urudi nyumbani kwa Krismasi.