Kadi za Wachezaji kwa Mfuko Mwepesi

Juni 2009, ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, ilipofanya uteuzi wake wa wachezaji wapya, jina la pili kuitwa lilikuwa la kijana wa Dar es Salaam: Hasheem Thabeet, urefu mita 2.21, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Stephen Curry aliitwa wa saba. Msimu huo wote wawili wakachapwa kwenye kadi za ukubwa mmoja, zikafungwa kwenye pakiti zilezile. Mwaka 2021 kadi moja ya Curry ya msimu ule, iliyochapwa nakala moja tu duniani, iliingia kwenye mauziano yaliyoipa thamani ya dola milioni 5.9. Kadi za kawaida za Thabeet bado zinapatikana kwa dola moja au mbili, na zile alizotia saini kwa mkono wake mara nyingi hazifiki dola 20.

Aliyewekeza kwa Thabeet alilia. Anayekusanya kwa mapenzi ameokota dodo chini ya mwarobaini, maana huyu ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na kadi ya msimu wake wa kwanza inauzwa kwa bei ya soda. Soko la kadi hulipia umaarufu, hasa umaarufu wa huko Marekani kwenyewe. Mambo yanayotugusa sisi hayaulizwi bei na wengi, na hapo ndipo mtu mwenye bajeti ndogo anapopata nafasi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, amua unakusanya nini. Anayesema anakusanya kadi za kikapu ataishiwa fedha kabla ya shauku, kwa sababu kila mwaka hutoka matoleo mengi mapya, na kila toleo lina rangi zake, saini zake na nakala zenye namba. Chagua jambo dogo lenye mwisho: wachezaji wa Afrika Mashariki na Kongo waliofika NBA, au mchezaji mmoja katika kila timu aliyoichezea, au timu yako katika msimu mmoja uliokukosha. Mimi napendelea hilo la kwanza. Ukimaliza Thabeet, unamkuta Bismack Biyombo wa Lubumbashi, aliyeteuliwa wa saba mwaka 2011. Ukipenda soka, kuna Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, ambaye kadi zake za Match Attax za enzi za Southampton na Tottenham huuzwa kwa senti, kwa kuwa watoto wa Uingereza walizikusanya kwa maelfu na sasa ni watu wazima wanaosafisha vyumba.

Halafu kuna Dikembe Mutombo, na habari yake inafundisha somo kubwa kuhusu bei. Mkongomani huyu aliteuliwa wa nne mwaka 1991 na Denver Nuggets, akawa mlinzi bora wa ligi mara nne, akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu mwaka 2015. Alifariki dunia Septemba 2024. Kwa sifa hizo ungetegemea kadi yake ya msimu wa kwanza iwe ghali. Wapi! Nyingi huuzwa kwa dola moja au mbili. Sababu ni mashine za uchapaji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni zilichapa kadi kwa wingi wa kutisha, na wanunuzi wakazihifadhi zote wakidhani ni akiba ya uzeeni. Walikuwa wamesikia habari za kadi za besiboli za miaka ya 1950, ambazo zilipanda bei kwa kuwa wengi walizitupa. Ile ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, ya kampuni ya Topps, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Lakini kitu kilichotunzwa na kila mtu hakiadimiki. Mabunda ya zama hizo bado yamejaa kwenye magaraji ya Marekani, na boksi ambalo halijafunguliwa unaweza kulipata kwa bei nafuu kabisa. Kama unataka raha ya kufungua pakiti na mtoto wako, fungua hizo za zamani: Mutombo anaweza kutoka, na hakuna atakayelala na njaa.

Pakiti mpya ni habari nyingine. Mara nyingi zimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, uwezekano wa kupata kadi ya saini au ya namba: moja katika pakiti 24, moja katika pakiti 300, na kuendelea. Soma maandishi hayo. Kununua pakiti ni kama kununua robota la mitumba lililofungwa. Muuzaji keshapata chake, wewe unabaki na fulana nane zisizokutosha ukitafuta shati moja. Kanuni ya mwenye bajeti ni kununua kadi unayoitaka yenyewe, mojamoja, kutoka kwa mtu aliyekwishafungua pakiti na kubeba hasara. Jihadhari pia na wanaofungua maboksi mubashara mtandaoni huku kila mshiriki akiwa amelipia timu yake. Ile ni pata potea yenye taa nzuri.

Vibandiko vya kampuni ya Panini vya Kombe la Dunia, vilivyoanza na michuano ya Mexico mwaka 1970, vinaonyesha hesabu hii vizuri. Albamu ya mwaka 2022 ilikuwa na vibandiko 670. Ukitaka kuijaza peke yako kwa kununua tu, bila kubadilishana na mtu, hesabu za bahati zinasema utahitaji wastani wa vibandiko karibu 4,700, yaani zaidi ya pakiti 900 za vitano vitano, kwa sababu kadiri nafasi zinavyopungua ndivyo kila pakiti inavyokuletea ulivyonavyo tayari. Kibandiko cha mwisho peke yake kinadai wastani wa vibandiko 670. Ukiwa na wenzako kumi wa kubadilishana, gharama inashuka sana. Nunua pakiti chache mwanzoni, kisha badilishana, na vinavyobaki vinunue kimojakimoja.

Bei halisi ya kadi haimo kwenye tangazo la muuzaji. Yeye anaweza kuandika dola 80, na tangazo likakaa miaka. Nenda eBay, tafuta kadi hiyo kwa jina la mchezaji, msimu, kampuni na namba iliyo nyuma yake, kisha chuja matokeo ubaki na zilizokwishauzwa tu. Angalia tano au sita za karibuni, puuza ya juu kabisa na ya chini kabisa. Nyakati nazo zina bei yake: kadi za kikapu hupoa ligi inapopumzika, Julai hadi Septemba, na hupanda msimu unapofunguliwa. Mchezaji akifunga pointi 50 usiku, usinunue kadi yake asubuhi.

Posta ndiyo inayomaliza fedha za mnunuzi mdogo. Kadi ya dola moja yenye posta ya dola tano ni kadi ya dola sita. Tafuta muuzaji mwenye kadi nyingi unazozihitaji, mwombe azifunge pamoja kwenye bahasha moja, na usione haya kumtajia bei pungufu kidogo kwa mzigo mzima, wengi hukubali. Aliye Dar, Mombasa au Bujumbura akumbuke pia kwamba mzigo unaweza kutozwa ushuru ukifika. Njia rahisi zaidi ni ileile tunayoijua kwa simu na viatu: zinunue zipelekwe kwa ndugu aliyeko ng'ambo, zikae, na akija likizo azibebe. Kadi 50 hazifiki robo kilo.

Kwenye feki, mwenye bajeti ndogo ana ahueni, kwa kuwa hakuna anayehangaika kughushi kadi ya dola mbili. Hatari huanza pale unapokutana na bahati ya ajabu, kwa mfano kadi ya Michael Jordan ya kampuni ya Fleer ya 1986, namba 57, kwa dola 100. Hiyo ni miongoni mwa kadi zinazoghushiwa mno duniani. Chukua lenzi ya kukuzia, utazame maandishi meusi na mistari ya fremu. Kwenye kadi halisi wino mweusi umekaa mzito, kingo zake safi, huku picha ikiwa ni vitone vidogo vya rangi vilivyojipanga kwa mpangilio. Kwenye nakala iliyopigwa skana, hata herufi zenyewe huvunjika kuwa vitone, na kingo zake huwa na ukungu. Ujanja mzuri ni kununua kadi ya mchezaji asiyejulikana wa toleo hilohilo kwa bei ndogo, uziweke pamoja: unene, rangi ya karatasi nyuma, mng'ao. Kadi ya bei ndogo itakusemea ukweli wa ile ya bei kubwa.

Utasikia sana habari za kampuni zinazopima hali ya kadi na kuipa daraja la 1 hadi 10, PSA ikiwa ndiyo maarufu zaidi. Huangalia kama picha imekaa katikati, pembe, kingo na uso wa kadi, kisha huifungia kwenye plastiki. Ada ya kadi moja kwa kawaida ni dola 20 na kuendelea, ukiacha posta. Kupeleka huko kadi ya Thabeet ya dola mbili ni kutafuta sifa.

Kuzitunza kadi hakugharimu sana. Kimfuko laini cha plastiki kwanza, kisha kikasha kigumu kwa zile unazozienzi. Nyingine ziingie kwenye kurasa za mifuko tisa ndani ya faili. Hakikisha plastiki haina PVC, kwa kuwa PVC huja kuharibu uso wa kadi. Usifunge kwa rababendi kamwe, na selotepu isiguse kadi. Pwani adui mkubwa ni unyevu: kadi zenye kung'aa hujikunja kama chapati iliyopoa. Ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mbali na dirisha.

Mwisho, weka daftari: tarehe, kadi, bei, posta. Siku ukitaka kuuza, eBay huchukua takriban asilimia 13, na kadi za bei ndogo ni afadhali uziuze kwa mafungu, kumi kwa pamoja, vinginevyo faida italiwa na stempu.