Kibanda cha mbao uani, kwa miti ya Ruangwa

Anayetamani nyumba ya magogo bustanini, kama zile za kwenye picha za Ulaya, aanze kwa kuiangalia miti yake. Kule Finland msindano hunyooka, ni laini na mwepesi, hivyo gogo hulazwa juu ya gogo mpaka ukuta ukamilike, na unene ule huzuia baridi. Huku Ruangwa, kusini mwa Tanzania, hatuna baridi ya kuzuia. Mninga na mkongo wa miombo yetu ni mizito, mara nyingi imepinda, na kuilaza mizima ukutani ni kuifuja.

Jenga kwa fremu: nguzo na boriti za mti mgumu, kuta za mbao nyembamba. Anayetaka sura ya magogo anunue mabanzi, yale mapande ya pembeni yanayobaki gogo linapopasuliwa. Upande mmoja wa banzi ni bapa, mwingine una mviringo wa mti. Ukiugeuzia mviringo nje, mpita njia ataona magogo. Ila bandua magome yote kwanza, maana wadudu hujificha humo, na ujue kwamba banzi kwa sehemu kubwa ni ile nyama nyeupe ya nje ya mti, isiyodumu kama kiini. Likioza utabadilisha banzi moja moja. Nguzo huwezi kuibadilisha kirahisi, kwa hiyo nguzo iwe kiini kitupu.

Adui mkubwa ni mchwa. Hata mti mgumu usiuchimbie ardhini. Mwaga vinguzo vya zege vinyanyuke kama sentimita 45 juu ya ardhi, na juu ya kila kimoja weka kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini, ndipo nguzo ikae. Bati halimuui mchwa, ila linamlazimisha ajenge kijia chake cha udongo mahali pa wazi, ukakiona. Wengi hupaka oili chafu. Mimi siipendi: inakaa juu juu, inachafua udongo, na inampa mwenye nyumba usingizi asiostahili. Dawa ya mbao ya dukani ni bora, mradi ufuate maelezo ya kopo, uvae glavu, na usiimwage karibu na kisima au tuta la mchicha.

Mbao mbichi ni hasara nyingine. Zikipigiliwa zikiwa na maji, zitapinda na kuacha nyufa. Zinunue mvua zikishakatika, uzipange kivulini zikiwa zimeinuliwa kutoka chini, kila safu ikitenganishwa na vipande vya papi ili upepo upite, kisha uzipe muda kiangazi hicho. Fundi anayekuhimiza uanze wiki ijayo ana haraka ya malipo.

Zitoke wapi? Kwa mfanyabiashara mwenye leseni, akupe risiti, na mzigo usafiri na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Au kutoka msitu wa hifadhi wa kijiji, unaovunwa kwa mpango chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ambapo fedha hubaki kijijini. Mradi wa FORVAC, ulioanza 2018 kwa fedha za Finland hiyo hiyo ya nyumba za magogo, ulifanya kazi na vijiji vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale katika uvunaji na uuzaji wa namna hii. Mbao za usiku huwa nafuu mpaka utakapokamatwa nazo.

Kibanda cha mbao nacho ni jengo. Mjini, ulizia kibali cha ujenzi halmashauri kabla ya kuchimba. Kijijini, anzia kwa mtendaji.

Paa la bati litoke nje ya ukuta sentimita 60 hivi, mvua isipige mbao, na uache uwazi wa wavu chini yake, la sivyo mwezi wa Novemba hakukaliki humo. Nyasi zina ubaridi zaidi, lakini kiangazi cha huku ni msimu wa moto wa mashambani, na cheche hazichagui. Kiweke kibanda mbali na jiko la kuni na mikorosho, fagia majani makavu pande zote, wala usirundike kuni chini ya sakafu: zitakuwa chakula cha moto na ngazi ya mchwa.